Nimetibiwa ugonjwa wa fizi bila kuchanwa, hapa hapa Dodoma: kilichobadilika na kisichobadilika

Kijana wa Chimwaga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu nimalize matibabu ya fizi, kila ninayemsimulia ananipa pole badala ya hongera. "Umekubali kukwanguliwa meno? Utakuja kuyaokota moja moja." Maneno hayo nimeyasikia ofisini Mtumba, nimeyasikia sokoni Majengo, na hata shemeji yangu, ambaye shule imempita kichwani vizuri tu, kanirudia nayo. Nikaona nifungue uzi, maana watu wanaacha kutibiwa kwa hofu hiyo, kwamba kusafishwa kunalegeza meno, wakati si kweli, halafu wanaishia kung'oa.

Mimi si daktari. Naandika nilichofanyiwa na nilichouliza mpaka daktari akachoka na maswali yangu. Kama yumo mtaalamu humu ndani ajitokeze, anirekebishe.

Nilichokuwa nacho: damu kila nikipiga mswaki, mdomo kunuka asubuhi hata kama nimelala msafi, na jino moja la mbele chini linacheza nikilisukuma kwa ulimi. Maumivu hakuna. Na hapo ndipo ugonjwa huu unapowapatia watu. Jino lililotoboka litakuamsha saa nane usiku, lakini fizi zinaweza kuoza taratibu miaka na miaka huku unatafuna nyama choma kama kawaida.

Kliniki, kabla ya kunisafisha, daktari alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino. Anatamka namba, muuguzi anaandika: "Mbili, tatu, mbili. Tatu, tano, saba." Nimelala mdomo wazi sielewi kitu, ila muuguzi alivyoinua macho kwenye ile saba nikajua si habari njema. Baadaye nikaelezwa: mpaka tatu ni kawaida. Kuanzia nne kwenda juu, na damu inatoka ukigusa, hapo kuna mfuko, yaani ufizi umeachia jino na chini yake wadudu wamefanya makazi. Magego yangu ya juu yalikuwa na sita na saba. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa taya umepungua palepale.

Tiba yenyewe: ganzi ya sindano, upande mmoja wa mdomo kwanza, upande wa pili siku nyingine. Kuna mashine inatetemeka na kurusha maji, inapasua ugaga, yaani ule uchafu uliogandia kwenye meno ukawa mgumu kama jiwe. Sauti yake inakera kuliko inavyouma. Halafu vinafuata vyuma vya mkono vilivyopinda ncha, vinashuka chini ya ufizi kukwangua mzizi. Huumii, ila unausikia mkwaruzo ndani ya taya, kwaru kwaru, mpaka unafika mahali chuma kinateleza bila kukwama. Daktari aliniwekea mabaki kwenye gozi niyaone. Ugaga wa juu ya ufizi ni wa njano, ule tunaoujua sote. Wa chini ni mweusi, vipunje vigumu kweli kweli. Akasema weusi ule ni wa damu, kwa sababu umekaa ndani ya kidonda muda mrefu. Nikatamani nisingeuona.

Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Nikapanda daladala nikarudi nyumbani na mdomo umekufa ganzi.

Kilichobadilika: damu ilikata ndani ya wiki chache. Harufu imeondoka, na hili shahidi ni mke wangu, si mimi. Fizi zilikuwa nyekundu za kung'aa na zimevimba, sasa zimekaza. Lile jino la mbele bado linacheza kidogo, lakini si kama zamani. Niliporudi kupimwa baada ya miezi mitatu, sita nyingi zimekuwa nne au tatu, saba imekuwa tano. Nyuma ya gego moja imebaki sita.

Kisichobadilika: mfupa uliokwenda umekwenda. Meno yanaonekana marefu kuliko zamani, na kati ya meno mawili ya mbele pamebaki kitundu ambacho mchicha unakipenda sana. Maji ya friji nilikuwa nayaogopa wiki za mwanzo.

Karibuni kwa maswali na matusi.

---

Bodaboda Sabasaba

Nimeweka kambi hapa.

---

Mgogo wa Kisasa

Mkuu, nakuheshimu, ila usitupotoshe. Mjomba wangu Kondoa alikuwa na meno yake yote. Kaenda kusafishwa, hata mwezi haujaisha meno mawili ya mbele yakaanza kuyumba, moja likadondoka akiwa anakula muhindi wa kuchoma. Hili silisimuliwi, nimeliona. Sasa wewe unasema hayalegei. Yakiisha kulegea huwa mnasema "mfupa ulishapungua". Kabla ya kusafishwa mbona alikuwa anatafuna?

Halafu marehemu babu yangu, Mgogo halisi wa Bahi, hakuwahi kushika mswaki wa dukani maisha yake yote na alizikwa na meno kamili. Hayo magonjwa mengine tunatengenezewa.

---

Mama Nzuguni

Hapo kwa mjomba hata mimi nina kesi kama hiyo. Naomba mtaalamu ajibu vizuri.

---

Tabibu Kinywa

Habari zenu wadau. Niko kwenye kitengo cha kinywa na meno, hospitali ya serikali, Kanda ya Kati. Nimeusoma uzi nikiwa chai. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, sina cha kumsahihisha kikubwa. Nianze na mjomba, maana mjomba huyu yuko katika kila ukoo Tanzania nzima.

Mgogo wa Kisasa, ulichokiona ni kweli. Jino lilikuwa halichezi, likasafishwa, likacheza. Tunachobishania ni sababu tu.

Jino halikushikwa na ufizi. Linashikwa na mfupa, na kati ya mfupa na mzizi kuna nyuzinyuzi zinazolifunga. Ugonjwa ukishuka chini, mwili wenyewe katika kupigana na bakteria unakula nyuzi hizo na mfupa. Wakati huohuo nje ugaga unaendelea kujengeka, unatoka jino hadi jino, mwisho unakuwa ukuta mmoja nyuma ya meno ya mbele ya chini. Meno manne, sita, yameunganishwa na jiwe moja. Kila moja peke yake halina mshiko, ila yamefungwa pamoja. Nguzo ya tembe ikiliwa na mchwa inaweza kusimama msimu mzima kwa sababu kichuguu kimeizunguka. Ukija kubomoa kichuguu nguzo ikayumba, utalaumu jembe?

Na uvimbe nao unadanganya. Ufizi uliovimba unalikumbatia jino na kuficha mzizi. Uvimbe ukiisha, ufizi unarudi chini, mzizi unaonekana, jino linakuwa refu na lenye baridi kali. Mgonjwa anaona amefika na meno mafupi ametoka na marefu. Ukweli ni kwamba urefu ule alikuja nao.

Siku za mwanzo baada ya kusafisha kwa kina jino linaweza kucheza zaidi kidogo, kwa sababu tishu zimeguswa. Kwa wengi linakaza lenyewe kadiri uvimbe unavyokwisha, kama la mwanzisha uzi. Lakini lililobakiwa na mfupa kidogo sana halitapona, lisafishwe lisisafishwe. Kosa liko kwetu pale tusipomwambia mgonjwa mapema, kabla ya kushika chuma: "Mzee, hili na hili sikuahidi." Mjomba wako angeambiwa hivyo, leo usingekuwa unanigombeza.

Kuhusu babu nitarudi, nina mgonjwa.

---

Bodaboda Sabasaba

Hiyo ya mchwa imeniingia.

Tabibu swali. Mimi navuta, sio siri, na nakaa kijiweni kutwa nzima. Lakini fizi zangu hazijawahi kutoa damu hata siku moja. Maana yake niko salama au?

---

Mnyaturu Asilia

Naomba nami niulize kabla hajaondoka. Sisi wa Singida meno yetu ni kahawia toka utotoni. Kuna jamaa kaniambia ni ugaga, nikalipie nisafishwe nitakuwa mweupe. Ni kweli?

---

Kijana wa Chimwaga

@Mnyaturu Asilia hilo hata mimi naweza kukujibu, nimekulia Manyoni. Hayo ni madini ya floraidi kwenye maji ya visima. Yameingia kwenye jino lilipokuwa linatengenezwa ukiwa mtoto, kwa hiyo rangi iko ndani ya jino lenyewe. Utakwanguliwa mpaka jioni na halitoki. Tabibu athibitishe.

---

Tabibu Kinywa

Nimethibitisha. Ukanda wa Bonde la Ufa, Singida ikiwemo, Arusha, Manyara, Kilimanjaro, una visima vyenye floraidi nyingi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mnyaturu, kuna namna nyingine za kuboresha mwonekano, ila hiyo ni habari ya rangi. Fizi zako zipimwe tu kama za mtu mwingine yeyote. Nimeona watu wenye meno ya kahawia na fizi safi kabisa, na watu wa meno meupe kama ya tangazo ambao chini kumeoza.

@Bodaboda Sabasaba, ndugu yangu, wewe ndiye ninayekuogopa kuliko wote humu. Tumbaku inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Kwa hiyo ishara ya kwanza ya hatari, yaani damu, kwako imezimwa. Ufizi wa mvutaji unaonekana umekaza, umepauka, unavutia, na kijichuma kikiingia kinazama milimita saba. Wavutaji wanaugua zaidi, na hata wakitibiwa mifuko yao haijifungi vizuri kama ya asiyevuta. Siwezi kukuzuia kuvuta kupitia simu. Nakuomba kimoja, kapimwe kwa kijichuma, usikubali kuangaliwa kwa macho tu. Wazee wa ugoro nao wanajijua: pale wanapoupachika ugoro kila siku, ufizi unashuka peke yake.

Sasa babu wa Bahi. Mgogo, babu yako namwamini bila kuapa. Kuna utafiti maarufu sana katika fani yetu, wa Harald Løe na wenzake. Walifuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, watu wasiopiga mswaki kama tunavyopiga sisi na wasio na huduma ya meno kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Karibu asilimia 8 ugonjwa ulikwenda nao kwa kasi. Asilimia 81 ulikwenda polepole. Na asilimia 11 hawakupoteza kitu zaidi ya fizi kuvimba. Babu yako yumo kwenye hao 11, Mungu amrehemu. Shida ni kwamba hakuna anayejua yumo kundi lipi mpaka amechelewa, na wewe hukurithi meno ya babu peke yake, umerithi na ya upande wa mama yako.

---

Mgogo wa Kisasa

Umenipiga kistaarabu. Endelea.

---

Asili Tiba Kongwa

Ndugu zangu mnaenda kuumizwa na vyuma bure. Ninao unga wa asili: mkaa wa mti maalumu, chumvi na limau kavu. Sugua asubuhi na jioni siku saba, damu inakata, ugaga unang'oka wenyewe. Wateja wangu wako mpaka Morogoro. Nicheki inboksi.

---

Mama Nzuguni

Hawa hawakosekani 😅

---

Kijana wa Chimwaga

@Asili Tiba Kongwa karibu uzini, ila swali moja. Mfuko wangu ulikuwa na kina cha milimita saba. Huo unga unafikaje huko?

---

Asili Tiba Kongwa

Unapenya wenyewe kwa nguvu ya mti.

---

Tabibu Kinywa

Haupenyi. Mswaki wenyewe hauendi chini ya ufizi zaidi ya milimita moja hivi. Maji ya kusukutua nayo yanapita juu juu. Mkaa na chumvi vinakwaruza, limau ni tindikali, na mzizi ulioachwa wazi hauna lile gamba gumu la jino. Nawapokea sana wagonjwa wenye mitaro shingoni mwa meno, yaani pale jino linapokutana na ufizi, wamejichimbia wenyewe kwa kusugua kwa bidii.

Mti wa mswaki ni habari nyingine, msije mkasema napinga vya asili vyote. Msuaki ukitafunwa ncha ikawa laini na ukautumia kila upande, ndani na nje, unasafisha utando, yaani ule ute wa bakteria unaoganda kwenye meno, vizuri tu. Tatizo wengi wanasugua mbele pale panapoonekana mtu akicheka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye dawa niseme la pili, ambalo ni kubwa kuliko la mkaa. Mtu anatoka damu fizi, anakwenda duka la dawa, anapewa amoksisilini na metronidazo, anameza, damu inapungua, anatangaza amepona. Mwezi mmoja mbele imerudi. Bakteria wa fizi hawaogelei peke yao, wamejishikiza kwenye mzizi ndani ya utando unaowakinga, na dawa ikipita kwenye damu inawagusa wachache. Ndiyo maana utando ule lazima uvunjwe kwa mkono. Kuna wagonjwa tunaowaongezea antibayotiki, ugonjwa ukiwa mkali na mtu bado kijana, lakini inakwenda pamoja na kusafisha, na ni uamuzi wa kliniki. Kwa kila mtu, hapana. Mnatuzalishia usugu wa dawa bure.

---

Mjukuu wa Mpwapwa

Tabibu shikamoo. Mama yangu ana kisukari miaka mingi, yuko Mpwapwa. Fizi zinatoka usaha, meno matatu yameshatoka yenyewe. Hospitali tunaenda kwa ajili ya sukari tu, meno hatujawahi kuulizwa. Akisafishwa si kidonda kitagoma kupona? Na nimesikia eti fizi zikipona na sukari inashuka, ni kweli au ni stori?

---

Tabibu Kinywa

Marahaba. Swali lako ndilo nilikuwa nalisubiri.

Sukari na fizi vinaumizana pande zote mbili. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu kinga inadhoofu, fizi zinaoza haraka. Na fizi zikioza, ule uchochezi unaingia kwenye damu na kufanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Kwa hiyo si stori. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa mwaka 2022 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, uliona kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi kwa kusafishwa chini ya ufizi, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa wastani wa pointi 0.4 hivi ndani ya miezi mitatu hadi minne ukilinganisha na wasiotibiwa. Yaani kama mtu alikuwa 8.6 anakuja 8.2. Usiidharau hiyo, kuna watu wanaongezewa kidonge kipya ili wapate ushukaji wa aina hiyo. Lakini usiielewe kupita kiasi pia: mama haachi dawa zake hata siku moja kwa sababu amesafishwa meno.

Kuhusu kidonda: hapa hachanwi, kwa hiyo hofu ni ndogo kuliko ya kung'oa. Aende asubuhi, awe amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, aende na daftari la kliniki ya sukari, na amwambie daktari kabla hajakaa kwenye kiti. Kama sukari iko juu sana siku hiyo ataahirishiwa, asione amefukuzwa. Usaha unaousema unataka aonwe wiki hii.

Na wewe mjukuu, nawe pima sukari.

---

Mjukuu wa Mpwapwa

Ubarikiwe sana. Ya mwisho nimeisoma mara mbili.

---

Mama Nzuguni

Mimi ni mjamzito, miezi mitano. Fizi zimevimba, nikitema mate asubuhi ni mekundu. Bibi kasema ni mtoto anachukua meno, kila mimba jino moja. Nisafishwe au nisubiri nijifungue?

---

Tabibu Kinywa

Hongera mama. Mtoto hachukui meno. Homoni za ujauzito zinafanya fizi ziwe nyepesi kuvimba pale ambapo utando tayari upo. Ukiwa msafi hazivimbi sana. Miezi yako ndiyo mizuri ya kutibiwa, tumbo halijawa kubwa la kukusumbua kulala kwenye kiti. Tafiti kubwa zilizofanywa kwa wajawazito zimeonyesha kusafishwa fizi hakumdhuru mtoto. Ila asije mtu akakuuzia kwamba kutakuzuia kujifungua kabla ya wakati. Majaribio hayo hayakuonyesha hivyo. Utatibiwa kwa ajili ya mdomo wako wewe, inatosha.

---

Bodaboda Sabasaba

Na maji ya Dodoma je? Kila mtu anasema ugaga wetu mwingi ni kwa sababu ya maji ya chumvi. Hata birika langu limejaa mawe.

---

Kijana wa Chimwaga

Hili nililiuliza mimi mwenyewe kliniki, na daktari akacheka. Birika na mdomo ni vitu viwili. Madini yanayogandisha utando kuwa ugaga yanatoka kwenye mate yako mwenyewe. Akaniambia niangalie unapokaa zaidi: nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu. Ndipo matundu ya tezi za mate yanapomwaga. Mtu wa Bukoba anayekunywa maji laini anaupata palepale.

---

Mgogo wa Kisasa

Sasa naomba nirudi kwenye hoja, msinifanye nionekane nimeshindwa kabisa. Tabibu, kwa wastani tiba hii inaleta nini? Si kwa huyu mmoja, kwa watu wengi. Na kama mfupa haurudi, kwa nini nilipe?

---

Tabibu Kinywa

Swali la haki.

Uchambuzi wa tafiti uliotumika kuandaa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 uliona kwamba baada ya miezi sita hadi minane, mifuko inapungua kina kwa wastani wa milimita 1.7. Mifuko mirefu inapungua zaidi, ile mifupi kidogo. Na karibu robo tatu ya mifuko inafunga, yaani inarudi chini ya kiwango cha hatari. Milimita 1.7 ukiichora kwenye karatasi haionekani kitu. Mdomoni ndiyo tofauti kati ya mfuko ambao mtu anaweza kuutunza mwenyewe kwa brashi na ule ambao hawezi kuufikia.

Kulipa kwa nini: unalipia mfupa uliobaki. Basi.

Iliyobaki, ile robo, ndiyo kama sita ya nyuma ya gego la mwanzisha uzi. Mara nyingi ni magego, kwa sababu yana mizizi miwili au mitatu na chuma hakiingii vizuri kwenye maungio. Hizo zinarudiwa kusafishwa, na ikibaki sita au zaidi inayotoa damu, ndipo tunaanza kuzungumzia upasuaji wa kufunua ufizi ili tuone tunachokwangua. Upasuaji haujafutwa. Umesogezwa mwisho wa foleni, na wengi hawaufikii.

Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa wetu hapa hawapendi kulisikia. Hii tiba haina siku ya kumaliza. Løe huyohuyo, mwaka 1965 kule Denmark, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote fizi zilivimba ndani ya siku 10 hadi 21. Walivyorudi kusafisha, zikapona. Wiki tatu tu, kwa watu wazima na afya zao! Sasa mtu ambaye tayari ana mifuko, akitoka kliniki akarudia mswaki wa sekunde kumi kabla ya kukimbilia basi, mwakani tunaonana palepale. Ndiyo maana tunampangia kurudi: mwingine kila miezi mitatu, mwingine sita, mwingine mwaka, kutegemea hali yake. Wanarudi wachache. Damu ikikata mtu anaona amepona.

---

Kijana wa Chimwaga

Hapo kwenye kurudi nakazia. Mimi napangiwa kila miezi mitatu kwanza, kisha tutaona.

Na baridi ya meno kwa anayeiogopa: nilipewa dawa ya meno maalumu kwa meno yanayouma kwa baridi, ile ya kupaka na kuacha bila kusukutua sana. Ilichukua wiki kadhaa. Maji ya kusukutulia yenye kloreksidini nilipewa ya muda mfupi tu, na niliambiwa mapema kwamba yanaweka rangi ya kahawia kwenye meno na kuharibu ladha. Kweli, wali ulikuwa unaliwa tu kwa wajibu.

---

Zabibu Kavu

Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Naomba bei na mahali.

---

Kijana wa Chimwaga

Bei sitaji, zinabadilika na kila sehemu ina yake. Mimi kliniki binafsi walinitajia zaidi ya mara mbili ya nilicholipa hospitali ya serikali. Pale mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wengi bado tunaiita General, kuna kitengo cha kinywa na meno, wanaweza kukuanzishia au kukuelekeza. Kama una bima, uliza dirishani kabla hujakaa kwenye kiti wanagharamia nini.

Uliza pia haya, maana ndipo watu wanapochanganywa: je, watanipima mifuko na kuandika namba? Kusafisha ni kwa juu tu au chini ya ufizi kwa ganzi? Hizo ni kazi mbili tofauti na bei mbili tofauti. Kama una mifuko ukapolishiwa juu meno yakang'aa, utatoka na tabasamu zuri na ugonjwa wako mfukoni, yaani kwenye mfuko.

---

Tabibu Kinywa

Sahihi. Na mchukue nakala ya zile namba, hata kwa kupiga picha kwa simu. Mtu akihamishwa kikazi, na hapa Dodoma watu wanahamishwa kila siku, daktari mwingine ataanzia hapo badala ya kubahatisha.

Nyongeza kwa wenye presha: kuna dawa, kwa mfano nifedipini na amlodipini, na ile ya kifafa fenitoini, zinaweza kufanya fizi ziote na kufunika meno. Msiache dawa wenyewe. Semeni kliniki mnatumia nini.

---

Mgogo wa Kisasa

Bado mjomba ananiuma, sitaki kudanganya. Ila nimejipima kwa ulimi, nyuma ya meno ya chini kweli kuna ukuta.

Swali la mwisho. Hicho kitundu kati ya meno kinachoshika mchicha unakisafishaje? Njiti zinanichoma.

---

Kijana wa Chimwaga

Acha njiti mkuu. Kuna brashi ndogo za katikati ya meno, zimekaa kama kibrashi cha kuoshea chupa ya mtoto ila nyembamba sana. Ziko za unene tofauti na rangi tofauti. Ikiwa nyembamba mno inapita bila kugusa, ikiwa nene unaumia, kwa hiyo mwambie daktari akupimie kila tundu unene wake. Mimi natumia mbili, ya mbele na ya magego. Maduka makubwa ya dawa mjini wanazo, ila siku nyingine zinaisha, nikizikuta nanunua pakiti mbili. Pale ambapo meno yamebanana brashi haiingii, tumia uzi wa meno. Usiku kabla ya mswaki, siku za kwanza utaona damu, usiache.

---

Mgogo wa Kisasa

Sawa. Jumatatu niko mjini, nitapita hapo General nione foleni ikoje.